Kuonja Dizeli Mbele ya Mkaguzi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi hapa duniani. Nimeona jenereta ikitoa moto ubavuni na bado inasukuma maji. Nimeona karani akimwambia mtu aliyesimama mbele yake akalete uthibitisho kwamba yu hai. Nimeona mchungaji akiwekea mikono pampu iliyogoma, ikawaka, na aliyesahau kufungua koki ya mafuta akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Kwa hiyo nyie vijana mnaokuja kukaa kwenye benchi la mashine yangu ya kusaga hapa Kibondo, simu zenu zimejaa matangazo ya kazi za Arabuni, mkiniona nimenyamaza msidhani nimeshangaa. Nawatafakari tu, mtu anatoa wapi ujinga wote huo na bado anatembea wima.

Juzi kaja mmoja kutoka Kitahana. Kijana mzuri, kucha zina grisi ya kweli, si ya kujipaka.

"Shikamoo mzee Misago."

"Marahaba."

"Kuna wakala yupo Dar, anasema nimtumie hela ya kushughulikia vyeti, halafu naruka."

"Vyeti vyako viko wapi?"

"Anavyo yeye."

"Amevipata wapi vyeti vyako kabla yako wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekutengenezea cheti bila kuiona mikono yako, siku utakapokamatwa uwanja wa ndege hatakuwepo, na namba yake itakuwa haipatikani. Nikamwambia akae, nimweleze mambo yanavyokwenda. Nimeona bora niyaandike, maana nimechoka kuyarudia kwa kila anayekuja na simu.

Spana nimeziacha. Mgongo na sikio la kulia vilikubaliana kunistaafisha, na mimi sikupinga, nilikuwa nimeshapata changu. Ile nyumba ya bati la rangi njia ya kwenda Kumsenga ni yangu, na hakuna bati hata moja lililonunuliwa kwa mkopo. Shule niliishia darasa la tano. Siombi radhi kwa mtu.

Ufundi nilifundwa na mkimbizi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wapo mafundi wa Kasulu na Kibondo wanaoona aibu kulisema, wakati kila wanachokijua kimetoka kambini. Alikuwa Mkongo wa Nyarugusu, anaitwa Kalonda, sisi sote tulimwita Papa Kalonda. Kwao alisoma shule ya ufundi wa mitambo, akapewa diploma ya Kifaransa yenye muhuri mwekundu, akakimbia nayo vita ikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nguo alipoteza, kopo hakupoteza.

Alipofika, shirika lililokuwa likisukuma maji kambini likamwambia karatasi yake haitambuliki nchi hii. Itafsiriwe kwanza, halafu shule yake iandike barua kwamba kweli alisoma pale. Shule yenyewe ilishachomwa moto.

"Sasa majivu ndiyo yatakuandikia?" Papa akawauliza.

Wakamwandika msaidizi. Mimi, wa darasa la tano, ambaye ujuzi wangu wote ulikuwa kufungua mfuniko wa rejeta ya moto na kuungua, wakaniandika fundi, kwa kuwa nilikuwa raia na nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Kwenye karatasi, basi, mimi ndiye niliyekuwa bosi wake. Kwenye jenereta alikuwa ananichapa kofi la mkono nikigusa kitu kabla hajaniruhusu.

"Peti," ndivyo alivyoniita, yaani mdogo wake, ingawa nilikuwa na mke na watoto. "Peti, hapana kimbilia spana. Moteri iko mugonjwa. Mugonjwa unamuuliza kwanza: ulikula nini?"

Na hapo ndipo ujuzi ulipo. Dizeli ya huku kwetu inasafiri mbali, na miaka ile kila mkono iliopitia ulichukua chake ukarudishia kitu kingine ili pipa lionekane limejaa. Wengine walirudishia mafuta ya taa. Wengine, wasio na huruma kabisa, maji ya mtoni. Kipimo hatukuwa nacho. Papa alikuwa na ulimi. Analegeza skrubu ya chini ya filta, anadondoshea kidoleni, anagusa ncha ya ulimi, anatema pembeni.

"Maji," anasema. Au, "Hii ni ya taa."

Sikuwahi kumwona akikosea. Na mimi, kwa kuwa ninachokitaka nakipata, nilijifunza mpaka nikamfikia. Dizeli safi inateleza, inakaa ulimini kama mawese yaliyopoa, ila chungu. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inauma na kukimbia. Yenye maji inakatika: unahisi ubaridi kwanza, ukali unakuja nyuma. Siku moja tu niliacha kuonja, kwa sababu dereva aliyeleta dizeli alikuwa jirani yangu na niliona haya kumchunguza mbele ya watu. Pampu ya mafuta ikafa mchana ule, akina mama wamepanga madumu kutoka bombani mpaka karibu na kanisa. Papa hakunigombeza. Alinipa ndoo mbili, akanionyesha njia ya mtoni. Wale akina mama walinipigia vigelegele kila nilipopanda na maji. Sijaacha kuonja tena. Ulimi ukawa kifaa cha kazi kama bisibisi, na kila fundi aliyepita mikononi mwetu huku akaondoka nao.

Basi likaja tangazo. Kampuni moja ya huko Oman ilikuwa inatafuta mafundi wa jenereta na pampu za mashambani. Walisikia kwamba huku makambini kuna mafundi waliozoea mashine zisizolala. Mshahara ulikuwa wa kumfanya mtu asahau njia ya kwake. Nikasema hii ni yangu.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo wengi mnapoangukia. Kujua kazi ni jambo moja. Kutambuliwa kwamba unajua kazi, na watu wasiokujua, katika nchi isiyokujua, hilo ni jambo jingine na lina ofisi zake. Nikaenda kwenye ofisi ya kwanza, Kasulu.

"Tunaomba cheti," akasema kijana wa mezani, kaletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, mikono laini kama ya bibi harusi.

"Cheti cha nini?"

"Cha kuonyesha kwamba wewe ni fundi."

"Jenereta yenu ya hapa nje inatoa moshi mweupe. Nipe spana, nikuonyeshe kwamba mimi ni fundi."

"Mzee, hatuhitaji jenereta. Tunahitaji cheti."

Wakati ule sikuwa mzee. Yeye ndiye alikuwa mtoto.

Kwa bahati, au niseme kwa kudra, kuna utaratibu wa chuo cha ufundi kumpima mtu aliyejifunzia kazini. Huo ni wa kweli, si wa wakala, na nawaambia muufuate. Unakwenda, wanakupa injini, unaibomoa na kuirudisha wanakutazama, wanakuandikia cheti. Niliifanya kazi ile huku napiga mluzi. Aliyekuwa ananisimamia ndiye aliyeniuliza maswali, na si yale ya mtihani, alitaka kujifunza na yeye.

Halafu likaja la jina. Nyie Waha wenzangu mnajua: kwetu kila mtoto anapewa jina lake. Mimi Misago, kaka yangu Kabura, baba yetu Ruhuza, na hakuna aliyewahi kuumwa kwa sababu hiyo. Yule wa dirisha la kuandikisha vizazi akaniuliza jina la ukoo.

"Kwetu halipo la namna hiyo."

"Kaka yako anaitwa nani?"

"Kabura."

"Na wewe Misago. Ni baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Na hilo swali usimuulize mama yangu, atakuja nalo hapa."

Cheti cha chuo kilisema Simoni Misago, la ubatizo likiwa mbele. Cha kuzaliwa kikasema Misago Ruhuza. Pasipoti ikataka majina matatu. Kwa Mwarabu hao ni watu watatu, na tiketi ni moja. Nikaapa mahakamani kwamba wote ni mimi. Fanyeni hilo kabla ya kitu kingine chochote: majina yafanane kwenye kila karatasi, mpaka nukta. Msipofanya, msije kulia kwenye benchi langu.

Nilidhani nimemaliza. Wapi! Cheti cha chuo, wakasema, ni cha kwenu. Kipigwe muhuri wa wizara, ubalozi nao upige wa kwake, ndipo kitasomwa. Na kikishasomwa bado hakitoshi. Mkaguzi wao mwenyewe atakuja kunipima upya kwa mikono yake, kana kwamba mihuri yote ile ilikuwa mapambo. Cheti kikivuka mpaka kinakuwa mgeni kama mgeni mwingine. Kwao kilikuwa mtu mzima, kule kinaanza kuulizwa kimezaliwa wapi. Nikakumbuka kopo la Papa, nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu, nilikuwa na yangu.

Nauli, mihuri, kulala Dodoma, vyote vilitaka fedha, na mimi sikopi. Nikauza karakana yangu ya Kibondo, niliyoifungua kwa mshahara wa kambini, na kila kilichomo, kwa Gwimo. Gwimo huyu ni fundi mwenzangu, mtu ambaye tangu namfahamu hajawahi kukaza nati bila kuiharibu. Alihesabu fedha mbele ya watu, taratibu, akilamba kidole.

"Fundi Misago, ukifeli huko usione haya kurudi," akasema. "Kazi ya kunishikia tochi ipo."

"Tochi utajishikia mwenyewe, utafute nati ulizozipoteza."

Watu walicheka. Ila nilijua, na Gwimo alijua, kwamba nikishindwa kwa mkaguzi sina pa kurudi. Mji mzima nilishauambia kwamba naondoka. Nilishaagana mpaka na watu nisiosalimiana nao.

Mkaguzi akafika Kasulu. Walikodi uwanja wa gereji iliyofungwa, wakaweka jenereta tatu. Alikuwa Mwomani mwenye Kiswahili cha Unguja, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alitoka huko. Bwana Nassor. Kanzu hakuvaa, alivaa ovaroli safi mno, ambayo mimi nikaicheka moyoni. Fundi gani ovaroli yake inaonyesha mstari wa pasi?

Tuliitwa mmoja mmoja, wengine wanatazama kwenye uzio. Ikafika zamu yangu.

"Hii haiwaki," Bwana Nassor akasema. "Nataka ujuwe kwa nini, kisha iwake. Bismillahi."

Nikapiga stata. Inazunguka, haishiki. Betri nzima, moshi hakuna. Mimi nilishajua ni upande wa mafuta kabla sijainama. Nikachukua spana, nikalegeza skrubu ya filta, tone likashuka kidoleni. Nikaweka ulimini, nikatema.

"Maji," nikasema, kwa sauti ya kusikika kwenye uzio. "Filta ina maji."

Nikainua kichwa. Bwana Nassor alikuwa amesimama mdomo wazi, kalamu hewani.

"Wee bwana! Wanywa mafuta?"

"Sinywi, naonja. Nimekwambia, kuna maji."

"Najua kuna maji. Mimi ndiye niliyeyatia."

Kwenye uzio mtu akaguna kicheko. Nikataka kuendelea, nimwage maji, nitoe upepo, niiwashe. Akanyoosha mkono.

"Basi, shusha spana. Ushafeli."

"Nimefeli nini? Niache dakika chache, itawaka."

"Itawaka, yakhe, wala sina shaka. Lakini kwetu ushafeli zamani. Betri hukukata. Kibao cha hatari hukutundika. Glovu huna, miwani huna. Kisha waramba dizeli mbele ya macho yangu! Nikupeleke shamba, ufe kule, mama yako nimwambie nini? Alikuwa na njaa?"

Sasa kwenye uzio hakukuwa na anayejizuia. Nikamwambia nimefanya kazi hii miaka na ulimi wangu huu, watu maelfu wamekunywa maji kwa ulimi huu. Akanisikiliza vizuri, mpaka mwisho. Halafu akasema anakwenda Kigoma kuwapima wengine, na akirudi atapita Kasulu tena. Anayetaka kurudia atarudia mara moja. Ya pili hakuna.

Sikurudi Kibondo. Ningepita wapi, Gwimo akiwa amekaa mlangoni kwangu? Nikapanda bodaboda mpaka Nyarugusu nikiwa na hasira ya kumtafuta mtu wa kumlaumu, na mtu nilikuwa naye.

Papa alikuwa amekaa juu ya pipa tupu anasafisha nozo, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya injini.

"Ulionja?" akaniuliza, uso wangu ulishamwambia kwamba nimefeli.

"Nilionja."

"Mbele yake?"

"Akinitazama."

"Ee Mungu wangu." Akacheka mpaka nozo ikamdondoka. "Peti! Ku masomo yetu, mwanafunzi akionja mazutu, mwalimu anamufukuza siku ile ile!"

Hapo nilisimama. "Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Namna gani sitajua? Niko na diplome."

"Sasa mbona ulinifundisha ulimi?"

Akaacha kucheka. "Nilikufundisha kazi ya hapa kambini. Hapa, ga ya kuvaa mikono haiko, miwani haiko, kipimo haiko. Mama wa watu amesimama na dumu. Ulimi iko. Ungefanya nini?"

Akashuka kwenye pipa, akaingia ndani, akatoka na soksi.

Tulifanya mazoezi na soksi mikononi badala ya glovu, na fremu ya miwani isiyo na vioo, maana vioo vilishapotea zamani. Wakimbizi wenzake walikuja kututazama kama sinema. Zima. Kata betri, waya hasi kwanza. Tundika kibao. Vaa mikono, vaa macho. Sema kwa sauti unachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Mafuta yatoe kwenye chupa nyeupe, uiache itulie, maji yatakaa chini yenyewe, uyaone kwa macho. Nilikuwa naona ujinga mtupu. Chupa itulie! Akina mama wa kambini wangetupiga mawe. Kila nilipofika kwenye skrubu ya filta kidole kilitaka kupanda mdomoni chenyewe, na kila kilipopanda Papa alikichapa kwa fimbo ya kupimia mafuta.

"Tena," anasema. "Kutoka mwanzo. Zima."

Siku ya mwisho nikamuuliza kwa nini na yeye asije kupimwa, maana hapo uwanjani hakukuwa na fundi wa kumfikia, ukiniondoa mimi. Akaniangalia kama mtoto.

"Na pasipoti ya nani, peti? Mimi kutoka geti hili tu naomba ruhusa."

Glovu za kweli nilizinunua Kasulu sokoni, za kushonea magunia, nyekundu. Bwana Nassor aliporudi nilimsomea mtihani ule kama misa. Nikazima, nikakata, nikatundika. Nikatangaza kila kitu kwa sauti ya muadhini: "Sasa nalegeza skrubu! Sasa nakinga chupa!" Chupa ikatulia. Safari hii alitia mafuta ya taa, siyo maji, na hayo chupani hayaonekani. Nikaileta chupa puani kwa mbali, nikaomba kipimo, akanipa kifaa cha kioo chenye mistari, nikasoma, nikabadilisha mafuta. Ikawaka.

Akaandika. Kisha akafunga kalamu.

"Leo huna njaa, Bwana Misago?"

"Nimekula nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa fundi wa daraja la kwanza katika nchi ambayo sikuwahi kuiona.

Kule nilikaa mpaka sikio likakataa. Sitawaelezea joto, mtalionja wenyewe. Nawaambia moja tu. Utaratibu ule wa glovu na miwani niliudharau, na mpaka leo naudharau nusu. Nusu nyingine niliiacha siku kijana mmoja wa Nepali alipopitisha kiganja karibu na bomba la nozo linalovuja. Dizeli ya pale inatoka kwa nguvu kama sindano. Iliingia chini ya ngozi, kidogo tu, hata damu haikutoka, akawa anacheka. Alirudi kwao na mkono mmoja. Kwa hiyo mkiwaona wanawaandikia makosa kabla hamjashika spana, tukaneni moyoni, lakini vaeni. Na kabla ya kwenda kupimwa, ulizeni: wanapima nini kwanza? Msiulize mnajua nini. Hilo hawalitaki bado. Kila nchi ina karatasi yake ya kupimia, na fundi anayekwenda bila kuiona anakwenda kujibu swali la nyumbani kwake. Iombeni. Wanatoa. Mimi sikuomba, kwa kuwa nilikuwa mimi.

Niliporudi Kibondo, Gwimo alikuwa bado ana karakana, na nati za mji mzima zimekwisha. Sikuitaka tena. Nilimnunulia tochi.

Papa naye aliondoka. Baada ya kungoja ambako sijui mtu anakuwezaje, alipelekwa yeye na mkewe katika nchi moja ya baridi ng'ambo ya bahari. Jina la nchi hiyo kila akinipigia analitamka tofauti, kwa hiyo siliandiki. Alikwenda na kopo. Nikamwambia kwa simu, mimi sasa ni mtaalamu wa mambo haya: majina kwanza, Papa, mpaka nukta. Mtafsiri awe yule wanayemtambua wao, si binamu wa mtu. Shule ikiwa imechomwa, waambie imechomwa, watakuwa na fomu ya hilo, wale wana fomu ya kila kitu. Akafanya. Walikuwa wamempa kazi ya kuosha sakafu kwenye karakana ya mabasi, anafagia kando ya injini asizoruhusiwa kuzigusa. Aliniambia hilo mara moja tu, na akabadilisha mazungumzo. Siku waliyompigia kwamba diploma ya kopo imekubaliwa, alilia, mkewe ndiye aliyemalizia kunisimulia. Ikabaki moja: kupimwa kwa mikono. Akifaulu, ufagio basi.

Nikacheka. Papa Kalonda, kupimwa kwa mikono! Nilikuwa nimeshaanza kuwatangazia watu hapa mashineni.

Simu ikalia mchana, mashine inasaga, nikatoka nje ili sikio langu zima lisikie.

"Peti."

"Papa! Hongera!"

Kule upande wa pili nikasikia mtu anapumua.

"Nilizima," akasema. "Nikakata betri. Nikatundika kibao. Ga mikononi, miwani machoni, ya vioo, peti, mipya. Nikasema kwa sauti yote. Walikuwa wanafurahi sana."

"Halafu?"

"Halafu nikafungua filta. Harufu ikanifikia. Harufu ya kule kwetu, ya Nyarugusu. Nikavua ga moja."

"Papa. Usiniambie."

"Iko na maji, peti. Nilijua mara moja."

"Walikuwa wanajua ina maji! Wao ndio walioyatia!"

"Ndiyo," akasema. "Baadaye waliniambia."

Nikafokea simu pale barabarani, watu wakadhani nimefiwa. Wewe uliyenichapa vidole na fimbo! Wewe mwenye diplome! Yeye alikuwa anacheka, lakini kicheko kilikuwa cha chini, cha mtu anayeuona ufagio umesimama mlangoni unamngoja. Kurudia kunaruhusiwa, akasema, mara moja. Ila kuna ada, kiasi chake nilimbana mpaka akakitaja, na mshahara wa ufagio wanaujua wenyewe. Hakuniomba. Namjua, asingeniomba hata kama ningekuwa na mashine kumi za kusaga. Alitaka tu nisikie kutoka kwake, nisije kusikia kwa watu.

"Unayo soksi huko?" nikamuuliza.

"Soksi ziko."

"Basi zivae. Kutoka mwanzo. Zima."

Nikakata simu, nikamwachia mtu mashine, nikaenda kwa wakala wa kutuma fedha hapa mjini, tena nikapanga foleni nyuma ya Gwimo aliyekuwa anatuma vocha. Nilishasema, hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Ada ya kurudia mtihani wa Papa Kalonda, na makato ya kutuma: shilingi laki nne, elfu kumi na saba na mia tatu.